Neno Nililomfundisha Nashipai

Nimestaafu huu mwezi wa pili, na vijana wa idara ya Kiingereza wameniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya ualimu hapa Karatu. Nadhani walitaka vichekesho vya kusoma kwenye sherehe ya kuniaga. Vichekesho vipo. Lakini kila nilipokaa mezani kuandika kimoja, kalamu iligeuka ikaenda kwa mwanafunzi mmoja na neno moja la Kiingereza. Basi nitaanza mwanzo, na huko nitafika. Vyeo na mishahara sitavitaja. Hata wakati ule havikuwa vya kutajwa.

Nilifika katikati ya miaka ya sabini, juu ya lori lililobeba magunia ya mbegu. Tangu Mto wa Mbu hadi juu ya ukingo wa bonde vumbi lilitufuata kama deni, na niliposhuka kwenye lango la shule nilikuwa na rangi ya tofali. Mkuu wa shule alinipa mkono, kisha akaupangusa kwenye suruali yake bila kuficha. Siku hiyo hiyo nilikabidhiwa jembe, kwa sababu shule ilikuwa na shamba la maharage na kila mwalimu alikuwa na darasa lake la kulima. Chaki nilipewa kesho yake.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Mwalimu Bura, Mwiraqw wa Mbulu kama mimi, mrefu, mwenye koti moja la kaki ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala kuliona chafu. Tukiwa wawili tulisema Kiiraqw, lakini neno la Kiingereza likiingia katika mazungumzo alihamia Kiswahili, kana kwamba sasa tumeingia mambo ya serikali. Yeye ndiye aliyeishika kamusi. Ilikuwa moja kwa shule nzima, nene kama tofali la kuchoma, na ilikaa kwenye kabati lenye kufuli. Mwanafunzi akimwuliza neno asilolijua, Mwalimu Bura alimpa ufunguo akailete, akaifungua mbele ya darasa, akasema, "Hilo silijui. Tulitazame." Mimi, kijana mwenye cheti ambacho wino wake haujakauka, niliona anajidhalilisha. Niliapa moyoni kwamba darasani mwangu kamusi haitaletwa.

Nashipai alikuwa kidato cha tatu nilipoanza kumfundisha. Alitoka Olbalbal, huko chini ya nyanda za Ngorongoro, na siku hizo wasichana wa Kimasai shuleni kwetu ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiwa na kidole. Kila muhula alitembea na mjomba wake hadi barabara kuu, akangoja lori. Akikutana na mwalimu aliinamisha kichwa aguswe utosini, kama walivyozoea kwao. Baadhi ya walimu walicheka. Mwalimu Bura aliweka kiganja chake pale kwa utaratibu, akaitikia salamu, akaendelea na safari yake. Nami nikajifunza kufanya hivyo. Ni katika mambo machache ya wakati ule ninayoweza kuyataja bila kuinamisha kichwa changu mwenyewe.

Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi, na alikuwa na tabia ya kuuliza. Hakuuliza kukutega, aliuliza kwa sababu neno likimkwama hawezi kupita. Mwalimu mvivu humwogopa mwanafunzi wa namna hiyo.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba tutapata mgeni rasmi kutoka mkoani, akifuatana na wageni wa ng'ambo waliotuletea makasha ya vitabu. Ikaamuliwa kwamba mwanafunzi mmoja asome hotuba ya Kiingereza kwa niaba ya wenzake, na Nashipai akachaguliwa. Mwalimu Bura alikuwa amelazwa kwa malaria, hivyo kusimamia hotuba ikawa kazi yangu. Kabla hajaenda hospitali aliniachia ufunguo wa kabati. Naliandika hili mapema msije mkanitafutia udhuru: ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Alinikuta ofisini saa kumi, siku mbili kabla ya sherehe, akiwa na daftari lake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado neno moja. Hapa nimeandika 'I am the spokesman of the students.' Lakini 'man' ni mwanamume."

"Ni neno tu hilo, Nashipai. Limezoeleka."

"Wasichana wenzangu watanicheka, mwalimu. Hakuna neno la mtu yeyote?"

Swali lilikuwa zuri. Siku hizi jibu liko kila mahali. Hata redioni mnasikia 'spokesperson'. Mimi siku ile nilikuwa sijawahi kulisikia, na hata 'spokeswoman', ambalo lilikuwa limelala ndani ya kamusi yetu tangu kamusi ilipochapwa, sikulijua. Kutoka kwenye kiti changu hadi kabatini hapakuwa na hatua kumi na tano. Lakini nilitaka kwenda nyumbani, na zaidi ya hapo sikutaka anione nikitafuta.

Nikasema, "Tumia 'mouthpiece'."

Nililitoa wapi? Posta ya Karatu kulikuwa na simu ya ukutani yenye kibao cha Kiingereza kilichosema zungumza waziwazi kwenye 'mouthpiece'. Halafu niliwahi kuliona kwenye gazeti, likisemwa kuhusu gazeti jingine la nchi nyingine, kwamba ni 'mouthpiece' ya chama fulani. Nikaunganisha mwenyewe. 'Mouth' ni mdomo, chama ni kitu kikubwa, basi huyu ni mdomo wa wakubwa, yaani msemaji mwenye heshima. Hesabu ilikubali vizuri kabisa.

Nashipai alifurahi. Aliliandika, akalitamka mara mbili tatu, akatoka. Kabla sijafunga ofisi akarudi na sentensi mpya, kwa sababu mtoto mwenye akili akipewa neno hulifanyia kazi. Sasa alikuwa anamshukuru mgeni rasmi kwa kufika kwetu akiwa 'the faithful mouthpiece of our leaders', mdomo mwaminifu wa viongozi wetu. Niliisoma. Nikaipigia mstari kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: Good.

Siku ya sherehe tulipanga viti chini ya mikaratusi. Wanafunzi walikuwa wamefua sare zao kwa magadi, maana sabuni ilikuwa haionekani. Nashipai alisimama wima akasoma kwa sauti isiyotetemeka. Alipojiita 'mouthpiece' ya wanafunzi, mgeni mmoja wa ng'ambo alitabasamu, nami nikadhani amependa lafudhi. Alipofika kwenye ile sentensi ya kumshukuru mgeni rasmi, yule mgeni wa ng'ambo alicheka. Alicheka kwa sauti, akajikohoza kwenye leso, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kusikia.

Mgeni rasmi alikuwa mtu aliyesoma nje. Alikuwa anajipepea kwa karatasi ya ratiba. Mkono ukasimama hewani. Hotuba yake niliiona kwa macho yangu, kurasa tano zilizopigwa taipu. Alisema sentensi nne, akaaga, na msafara ukaondoka bila kula. Mbuzi tulimla sisi walimu, kimya kimya, kama tuko matangani.

Jioni mkuu wa shule alituita ofisini, Nashipai na mimi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na nyakati zile mtu mwenye ofisi alikuwa na sababu za kuogopa.

"Nani alikutuma umtukane mgeni?" akamwuliza.

"Sikumtukana, mwalimu."

"Umemwita kibaraka! Mbele ya Wazungu!"

"Neno lile maana yake ni msemaji, mwalimu."

"Nani amekwambia hivyo?"

Nashipai akageuka akanitazama. Hakunikodolea macho. Alinitazama mara moja tu, kama mtu anayesogea kando ampishe mwenzake mlangoni. Nafasi ilikuwa yangu.

Mkuu naye akanigeukia. "Ndugu Gwandu?"

"Mimi nilipitia sarufi," nikasema. "Neno hilo sijui amelitoa wapi."

Mpaka leo nashangaa lilivyotoka kwa urahisi. Sauti haikukwama, wala jasho halikunitoka. Nashipai aliangalia sakafu. Mkuu aliporudia swali lake, akajibu, "Nililisoma mahali, mwalimu." Daftari lenye wino wangu mwekundu lilikuwa bwenini, ndani ya sanduku lake, na angeweza kuomba dakika tano akalilete. Hakuomba.

Aliamriwa aende nyumbani akamlete baba yake, na asirudi bila yeye. Asubuhi yake alikabidhi vitu vya shule: jembe, sahani, na madaftari, ambayo siku hizo yalikuwa mali ya shule. Aliyekuwa anapokea madaftari ni mimi. Aliyaweka mezani yakiwa yamepangwa, la Kiingereza likiwa juu kabisa.

"Mwalimu, yote yapo," akasema. Akaondoka.

Nililichukua lile la juu nikaenda nalo nyumbani. Ukurasa ule niliuchana nikautia jikoni, kwenye moto wa kuchemshia chai. Na ile chai nikainywa.

Mwalimu Bura alirudi baada ya siku tisa, koti likimning'inia. Alikwisha kusikia habari. Aliomba ufunguo wake, akafungua kabati, akaweka kamusi mbele yangu na kidole chake juu ya neno.

"Soma."

Nikasoma. Kwanza ni kile kipande cha simu au cha tarumbeta kinachowekwa mdomoni. Kisha ni mtu au gazeti linalosema ya mwingine.

"Unaona?" nikasema haraka. "Ni msemaji kweli."

"Ni msemaji ambaye hana lake," akasema Mwalimu Bura. "Kile kipande cha simu kina maoni? Kinapitisha tu. Ndiyo maana Mwingereza akimwita mtu hivyo, mara nyingi amemdharau. Anasema huyu ni chombo, kuna mdomo mwingine nyuma yake. Maana ya neno unaipata kwenye kamusi, lakini matumizi yake unayapata kwa watu wanaolitumia. Yule mtoto angeyapata wapi?" Akafunga kamusi. "Rasimu yake ilisahihishwa na nani?"

Nikaichukua kalamu yangu nyekundu mezani, nikaitia mfukoni.

"Nenda kwa mkuu," akasema. "Leo."

"Nitakwenda."

Sikwenda. Ningependa kuwaambia kwamba niliogopa kufungwa au kufukuzwa kazi. Woga wangu haukuwa hata wa ukubwa huo. Niliogopa kuchekwa kwenye chumba cha walimu. Mwalimu Bura hakunisema kwa mtu, lakini kuanzia siku ile akizungumza nami hakutumia tena Kiiraqw.

Wiki mbili zikapita, kisha nne, Nashipai hakuonekana. Wiki ya sita nilimwomba mkuu ruhusa nimfuate kwao. Sababu sikuitaja. Mkuu aliguswa sana. Kwenye paredi ya Jumatatu aliwaambia wanafunzi kwamba Mwalimu Gwandu ana moyo wa kujitolea, na wanafunzi wakanipigia makofi.

Nilipata lori la chumvi hadi juu ya kreta, nikalala kwa jamaa mmoja, alfajiri nikashuka kwa miguu upande wa pili. Olbalbal kiangazi ni tambarare nyeupe ya vumbi, na maji ni habari ya kutembea. Nilipishana na ng'ombe waliokuwa wakipelekwa kunywa, mbavu zao unaweza kuzihesabu, na kila mchungaji alinisalimu na kunielekeza. Nilifika boma lao mchana.

Mama yake Nashipai alikuwa mwembamba, mrefu, Kiswahili chake cha salamu tu. Aliitwa mpwa wake aliyewahi kufanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni Ngorongoro, akawa mkalimani wetu. Nilieleza kwamba mimi ni mwalimu wa Nashipai na nimekuja kumchukua. Mama alizungumza muda mrefu, mikono ikieleza.

"Anashukuru," akasema mpwa.

"Na mengine?"

"Mengine ni shukrani hiyo hiyo."

Nilipomsihi ndipo akanieleza. Nashipai hakuwepo. Baba yake alikuwa amesema: sisi hatukumtoa shuleni, shule yenyewe imemrudisha, basi maneno yamekwisha. Amempeleka kwa ndugu zake upande wa Oloipiri, na ng'ombe wa mahari wamekwisha kutajwa. Mama alikuwa amepigania mtoto asome tangu darasa la kwanza. Kwa ajili hiyo alikuwa amegombana na mume, na wakwe, na wake wenzake.

"Mama anauliza," akasema mpwa, "mtoto alikosa nini hasa? Yeye mwenyewe hataki kusema."

Hapo tena nafasi ilikuwa yangu, na safari hii hapakuwa na mkuu wa shule, wala chumba cha walimu, wala mgeni wa ng'ambo. Palikuwa na mama mmoja na mbuzi wake.

"Mwambie ni kosa dogo," nikasema. "La maneno."

Mpwa akapitisha. Mama akanitazama kwa huruma, kwamba nimetembea jua lote lile kwa ajili ya kosa dogo la mtoto wake. Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, na wakati ule wa kiangazi nilijua yanatoka kwenye midomo ya wadogo zake Nashipai. Nilikunywa. Nilipoaga alinitemea mate ya baraka kwenye kiganja na kusema maneno ambayo mpwa, kwa mara ya kwanza, aliyatafsiri yote: hajapata kuona mwalimu aliyekuja huku kumfuata mtoto wa mtu, Mungu anipe watoto, na watoto wangu wapate mwalimu kama mimi.

Njia yote ya kupanda nilitembea nimekunja ngumi, kwa sababu sikuthubutu kujifuta.

Miaka ikaenda. Nilifundisha, nikaoa, nikarudufu mitihani kwa ile mashine ya mkono iliyopaka wino kila kitu isipokuwa karatasi. Mwalimu Bura alistaafu, akarudi Mbulu, akafariki kabla sijamwandikia. Kamusi nikaishika mimi, na nilianza kuifungua mbele ya darasa. Wanafunzi walinisifu kwa unyenyekevu. Hata sifa hiyo haikuwa yangu.

Katikati ya miaka ya themanini, siku ya mnada, nilikuwa napita upande wa wauza shanga nikasikia Kiingereza safi, cha kujiamini. Mwanamke wa Kimasai alikuwa akizungumza na watalii watatu, na nyuma yake wamekaa wanawake wenzake wanne na bidhaa zao. Watalii walipoondoka akageuka.

"Shikamoo, Mwalimu Gwandu."

Nilimjua kwa sauti. Hakuinamisha kichwa, alikuwa mama wa watoto watatu sasa, alinipa mkono. Anaishi Engaresero, akaniambia, karibu na kambi za watalii. Wenzake humchukua kila wanapotoka kuuza, kwa sababu ya lugha.

"Kwa hiyo wewe ndiye msemaji wao," nikasema, na neno likanichoma nikilitoa.

"Ndiyo."

"Na wageni unawaambia wewe ni nani? Kwa Kiingereza?"

"Nawaambia 'I speak for them.' Wanaelewa."

Maneno manne, ya kidato cha kwanza. Yangetosha siku ile saa kumi, bila kamusi.

Ndipo nilipomwambia. Nilisimama pale katikati ya watu, harufu ya nyama choma na mavi ya ng'ombe, nikamwambia kwamba neno lile nililitoa mimi bila kulijua, kwamba nilimkana mbele ya mkuu, kwamba niliuchoma ukurasa, na kwamba nilikunywa maziwa ya mama yake nikamdanganya. Nilisema haraka, kama mwanafunzi anayesoma insha asiyoielewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuchoma sikujua," akasema. "Mengine najua."

"Kwa nini hukusema, Nashipai? Daftari ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nakungoja wewe useme, mwalimu." Akafikiri kidogo. "Hata kwenye lori nilikuwa bado nangoja. Lilipozimika kwa kuishiwa mafuta pale geti la Ngorongoro nikadhani ni wewe umelisimamisha."

Nikaanza kumwomba radhi. Mwenzake mmoja akamwita kwa Kimasai. Wageni wengine walikuwa wamefika wanashika shanga. Akaniambia nimsalimie mama watoto, akaenda kuwasemea.

Jumatatu yake nilikwenda ofisini kwa mkuu mpya wa shule nikaomba rejista za zamani. Nilitaka kuona tulimwandika vipi. Jina lake lipo, mwandiko wa karani mzuri, na kwenye safu ya sababu za kuondoka kuna neno moja: Mtoro.

Nilimweleza mkuu habari yote, mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema mambo hayo ni ya zamani, na kwamba rejista haifutwi, ni hati ya serikali. Nikarudi darasani, na kwa miaka mingine zaidi ya ishirini nikaliacha neno lile palepale.

Kwa hiyo, vijana wangu, vichekesho mtaniwia radhi. Ninachoomba ni kwamba karatasi hizi mkishazisoma mziweke ndani ya rejista ile, kwenye ukurasa wa jina lake. Nashipai hakuwa mtoro. Aliondolewa shuleni kwa neno nililomfundisha mimi, nami nikiwa nimesimama pale pale, nikasema sijui amelitoa wapi.